KATIKA KIVUKO, GARI LINAKUAMBIA NINI?

Kila asubuhi watoto wetu hutoka nyumbani wakiwa wamenawa uso, wamekunywa chai na kubeba madaftari yao. Wengi huenda shule kwa miguu, na kabla ya kufika hulazimika kuvuka barabara. Siku ya Jumapili wazee wetu nao huvuka barabara hiyo hiyo kwenda Misa ya kwanza, wakati giza bado halijaondoka vizuri. Mara nyingi tunapozungumza habari za afya tunataja malaria, maji safi na lishe ya mtoto. Mwezi huu tuizungumzie barabara, maana nayo inaua.

Taarifa ya Shirika la Afya Duniani iliyotolewa mwaka 2023 inaonyesha kuwa katika mwaka 2021 watu wapatao milioni 1.19 walikufa duniani kwa ajali za barabarani. Kati ya kila vifo 100 vya namna hiyo, 92 vilitokea katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, na kama 23 vilikuwa vya watu waliokuwa wakienda kwa miguu. Kwa watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29, ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua, kupita ugonjwa wowote. Yaani mzazi aliyefanikiwa kumwokoa mtoto wake na surua, kuharisha na utapiamlo, bado anaye adui mwingine anayemngoja mtoto huyo pale barabarani.

Tunapofikiria ajali tunafikiri kwanza juu ya mwendo wa kasi, ulevi na magari mabovu. Hayo ni kweli kabisa. Lakini liko jambo jingine ambalo watu hawalitaji sana, nalo ni kutoelewana. Dereva na mwenda kwa miguu hukutana kwa sekunde chache tu, hawajuani, wala hawawezi kuzungumza. Katika sekunde hizo kila mmoja anabahatisha nia ya mwenzake: "Atasimama?" "Atavuka?" Akikosea mmoja, anayeumia karibu siku zote ni yule asiye na bati la kumkinga. Basi ni vizuri kila familia ijifunze gari linasema nini linapokaribia kivuko, na lipi katika maneno yake ni la kuaminika.

KENGELE HAIKUTOSHA

Jambo hili si geni. Tarehe 17 Agosti 1896, mama mmoja aitwaye Bridget Driscoll, mwenye umri wa miaka 44, alikwenda na binti yake kwenye sherehe ya chama cha Wakatoliki cha kupinga ulevi katika viwanja vya Crystal Palace, mjini London. Humo viwanjani yalikuwapo magari machache yakionyeshwa kwa watu, maana wakati huo gari lilikuwa kitu cha ajabu. Gari moja lilimjia mama huyu. Dereva alipiga kengele na kupaza sauti kwamba watu wakae kando. Mama Driscoll aliduwaa, akasita pale pale, akagongwa na kufa. Alikuwa mwenda kwa miguu wa kwanza kuuawa na gari la petroli nchini Uingereza. Baraza lililochunguza kifo chake liliamua kuwa ilikuwa ni bahati mbaya, na afisa aliyeliongoza alisema anatumaini jambo kama hilo halitatokea tena.

Mwendo wa gari lile ulikuwa mdogo sana ukilinganisha na magari ya leo. Tena dereva hakunyamaza. Alitoa ishara mbili, kengele na sauti. Lakini ishara zake zilisema tu, "Jihadhari!" Hazikusema, "Nitapita kulia," wala "Nitasimama." Mtu aliyeshtushwa bila kuelekezwa hubaki ameganda katikati ya njia. Mpaka leo honi inaua watu kwa namna hiyo hiyo.

ALAMA ZILIVYOANZA

Wenye mamlaka walihangaika mapema kutafuta namna ya kuwapatanisha watu na magari. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1865 ilidai mtu atangulie mbele ya gari la mvuke akibeba bendera nyekundu, ili watu na farasi wajue linakuja. Mwaka 1868 taa ya kwanza ya kuongoza magari iliwekwa karibu na Bunge mjini London. Iliwaka kwa gesi, na mwezi Januari 1869 ililipuka na kumjeruhi askari aliyekuwa akiiongoza. Mwaka 1934 vivuko vya Uingereza vilianza kuwekewa nguzo zenye tufe la rangi ya chungwa juu yake. Hatimaye, tarehe 31 Oktoba 1951, katika mji wa Slough, ilichorwa ile milia myeupe na myeusi tunayoiita pundamilia. Ilionekana kwa mbali kuliko alama zote zilizotangulia, ikaenea duniani, hata ikafika kwetu.

Hapa Tanzania, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inampa mwenda kwa miguu haki yake katika kivuko. Dereva anayekaribia pundamilia anapaswa kupunguza mwendo, na mtu akiwa ndani ya kivuko anapaswa kumpisha. Katika maeneo ya makazi mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa. Hayo ndiyo maandishi. Lakini rangi iliyopakwa chini haina breki. Pundamilia inamwambia dereva wajibu wake. Haimwambii mwenda kwa miguu kama dereva huyu, leo, ameuona wajibu huo. Habari hiyo lazima itoke kwenye gari lenyewe.

LUGHA YA GARI

Gari halina mdomo, ila linasema kwa mambo manne: mwendo wake, taa zake, honi yake, na mkono wa aliyemo ndani. Hebu tuyaangalie moja moja.

Kwanza, MWENDO. Wataalamu waliochunguza tabia za watu katika vivuko wameona kuwa mwenda kwa miguu hutegemea zaidi mwendo na umbali wa gari kuliko ishara nyingine yoyote. Na ndivyo inavyofaa. Gari linalopunguza mwendo mapema, kwa upole, linasema waziwazi, "Nimekuona." Likifunga breki utaona pua yake inainama kidogo mbele, na mlio wa injini unashuka. Kinyume chake, gari linalokuja kwa mwendo ule ule halijasema neno, hata kama dereva wake ni mtu mwema.

Hapa tukumbuke hesabu kidogo. Gari lenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kila sekunde. Dereva aliye macho hutumia kama sekunde moja kutambua hatari na kukanyaga breki, basi mita 14 zimekwisha kabla breki haijaanza kazi. Baada ya hapo, katika lami kavu na kwa breki nzima, gari huhitaji mita nyingine kama 14 mpaka lisimame. Jumla ni mita 28. Kwa mwendo wa kilomita 80 jumla hiyo hufikia karibu mita 57, zaidi ya nusu ya urefu wa uwanja wa mpira. Mvua ikinyesha, au tairi zikiwa vipara, au gari likiwa limejaza mizigo, umbali unaongezeka. Kwa hiyo dereva anayekuja kasi huenda amekuona, anataka kusimama, na hawezi tena.

Pili, TAA. Hapa ndipo penye mtego mkubwa, kwa sababu taa moja ina maana nyingi. Dereva mmoja huwasha taa kubwa na kuzizima haraka akimaanisha, "Pita, nakusubiri." Mwingine hufanya vile vile akimaanisha, "Usithubutu, mimi sisimami." Wa tatu hakusemi wewe kabisa; anamwonya dereva mwenzake anayekuja upande wa pili kwamba mbele kuna trafiki. Wote watatu wamefanya kitu kimoja. Mama aliyeshika mkono wa mtoto kando ya barabara atajuaje? Jibu ni kwamba hawezi kujua. Basi taa iliyowashwa na kuzimwa isichukuliwe kamwe kuwa ruhusa ya kuvuka.

Indiketa nayo ina vituko vyake. Kwenye njia panda, gari linaloonyesha indiketa huenda linaingia katika barabara ile ile unayotaka kuvuka, kwa hiyo liangalie. Lakini dereva wa lori katika barabara kuu hutumia indiketa hiyo hiyo kumwambia aliye nyuma yake apite au asipite. Daladala huonyesha kushoto kwa kuwa limeona abiria. Na mwendesha bodaboda huweza kusahau indiketa ikiwaka kutoka mtaa mmoja hadi mwingine. Zile taa za tahadhari zinazowaka pande zote mbili kwa pamoja, madereva wengi wetu huziwasha wanaposimama kwenye pundamilia ili kuwaonya walio nyuma. Ni desturi njema. Lakini wapo wanaoziwasha wakimaanisha kwamba wananyoosha moja kwa moja katika njia panda. Tazama tena tofauti hiyo: kwa mmoja taa hizo maana yake "nimesimama", kwa mwingine maana yake "napita".

Tatu, HONI. Honi haijui kueleza. Inaita tu. Dereva anayepiga honi karibu na kivuko badala ya kukanyaga breki amemwachia mwenda kwa miguu kazi yote ya kujiokoa. Watoto wakisikia honi hukimbia bila kuangalia, au hurudi walikotoka, na wazee hushtuka na kuanguka. Ukisikia honi ukiwa bado kando ya barabara, usivuke. Ukiwa tayari umeingia ndani, usigeuke ghafula. Angalia gari liliko kwanza, ndipo umalize kuvuka au usimame.

Nne, MKONO. Dereva mwema anaposimama humpungia mtu mkono avuke. Wakati mwingine konda ndiye anayetoa mkono mlangoni. Huo ni ungwana, nao unastahili shukrani. Lakini dereva huyo anaahidi kwa niaba yake mwenyewe tu. Hakuweza kuwauliza bodaboda anayempita ubavuni wala basi linalokuja upande wa pili. Mkono wake unakupa nafasi ya kuangalia. Usikuondolee kazi ya kuangalia.

Basi katika maneno yote ya gari, lipi ni la kuaminika? Ni moja tu: tairi lililosimama. Mfundishe mtoto wako aangalie tairi. Taa ina maana mbili, mkono una maana mbili, lakini tairi ama linazunguka ama limesimama.

GARI LA PILI

Tuseme barabara ina njia mbili za kwenda na mbili za kurudi, kama zilivyo nyingi mijini siku hizi. Basi kubwa linasimama kwenye pundamilia. Mtoto wa darasa la pili anaona basi limesimama kweli, tairi halizunguki, anakimbia kuvuka. Pembeni mwa basi lile, katika njia ya pili, gari dogo linakuja. Dereva wake haoni mtoto, kwa kuwa basi limemficha. Anachoona ni basi lililosimama, na anafikiri linashusha abiria. Mtoto naye haoni gari. Wanakutana pale basi linapoishia.

Ajali ya namna hii inaumiza moyo kwa sababu imetokana na wema wa dereva wa kwanza. Dawa yake ina sehemu mbili. Dereva asipite kamwe gari lililosimama mbele ya kivuko. Akiliona, ajue kuna binadamu mbele yake. Na mwenda kwa miguu, akifika mwisho wa gari lililosimama, asimame tena, achungulie njia ya pili, ahakikishe nayo imesimama au ni tupu, ndipo aendelee. Kila njia ni barabara nyingine, nayo ivukwe kama barabara mpya. Bodaboda ndio wa kuangaliwa zaidi, maana hupenya mahali ambapo gari haliwezi.

MACHO KWA MACHO

Wazee walituambia tumwangalie mtu usoni tunapozungumza naye. Barabarani nako ni hivyo. Watafiti wa Ufaransa, Nicolas Guéguen na wenzake, walichapisha mwaka 2015 matokeo ya jaribio lao: mtu anayetaka kuvuka akimtazama dereva machoni, madereva wengi zaidi husimama kuliko akitazama pembeni. Anapotazamwa, dereva hukumbuka kuwa aliye mbele yake ni mtu.

Hata hivyo kumtazama dereva kuna mipaka yake. Vioo vyeusi huficha uso. Jua la asubuhi likipiga kioo cha mbele, huoni kitu. Usiku ndiyo kabisa: taa zinakuumiza macho, nawe unadhani kwa kuwa unaliona gari vizuri basi dereva naye anakuona. Sivyo. Wewe unaona taa zake. Yeye anaona giza, na wewe uliyevaa koti jeusi u sehemu ya giza hilo. Wanaokwenda Misa ya alfajiri au kurudi jumuiya jioni wavae kitu cheupe, au washike tochi. Kitambaa chenye kung'aa kinachoshonwa kwenye begi la mtoto kinaweza kumwonyesha kwa dereva mapema zaidi.

Malori na mabasi marefu yana tatizo la pekee. Dereva amekaa juu, na mtu aliyesimama karibu kabisa mbele ya pua ya lori anaweza asionekane hata kidogo. Kanuni ni rahisi: usipoweza kumwona dereva, ujue naye hakuoni.

MTOTO SI MTU MZIMA MFUPI

Wazazi wengi hudhani mtoto akishakariri "kulia, kushoto, kulia tena" amemaliza somo. Ni somo zuri, kwa kuwa kwetu magari hupita upande wa kushoto na gari la kwanza hutokea kulia kwako. Lakini mtoto anaweza kuangalia bila kuona. Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Royal Holloway cha Uingereza, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha kuwa watoto wa shule ya msingi hawawezi kupima sawasawa mwendo wa gari linalozidi kiasi cha kilomita 32 kwa saa. Si ujinga wala ukaidi. Macho na ubongo wao bado vinakua. Gari linalokuja kasi huweza kuonekana kwa mtoto kama vile limesimama mbali. Tena mtoto ni mfupi, hafikii kuona juu ya boneti ya gari lililoegeshwa, wala dereva hamwoni.

Kwa hiyo mtoto mdogo ashikwe mkono na mtu mzima, na ashikwe kifundo cha mkono, si vidole, maana vidole huponyoka. Kumkabidhi mtoto wa miaka sita kwa dada yake wa miaka minane si kumlinda. Ni kuwatuma wawili hatarini.

Wazee nao wana shida yao. Barabara yenye upana wa mita 7, mtu mwenye nguvu huivuka kwa sekunde kama 6. Bibi mwenye maumivu ya magoti atahitaji karibu sekunde 9. Katika sekunde hizo 9 gari la mwendo wa kilomita 50 kwa saa linatembea zaidi ya mita 120, kupita urefu wa uwanja wa mpira. Gari ambalo bibi alipoanza kuvuka lilikuwa mbali, linamfikia akiwa bado katikati. Dereva, ukimwona mzee ameanza kuvuka, usimkokotoe kwa hatua zako wewe.

Na kipofu mwenye fimbo nyeupe hasaidiwi na taa wala kupungiwa mkono. Yeye anavuka kwa masikio. Ukisimamisha gari, simama kabisa, usiunguruamishe injini, usipige honi. Uliye kando ya barabara, mwulize kwanza kama anataka msaada, kisha mwache akushike wewe mkono. Usimvute kama mzigo.

MAGARI YASIYO NA MLIO

Sasa yanakuja magari na pikipiki zinazotumia umeme. Nchini Rwanda na Kenya bodaboda za umeme zimekwisha kuingia katika kazi ya kila siku, na hapa kwetu bajaji na pikipiki za namna hiyo zinaonekana. Zina faida kwa afya, maana hazitoi moshi. Lakini zikienda polepole karibu hazina mlio, na sote tumezoea kuvuka kwa kusikiliza. Kwa sababu hiyo nchi za Umoja wa Ulaya zimeamuru kuwa kila gari jipya la umeme, tangu Julai 2021, liwe na chombo cha kutoa sauti linapokwenda chini ya kilomita 20 kwa saa. Juu ya hapo mlio wa tairi hutosha kusikika. Kwetu, funzo ni hili: kimya cha barabara si uthibitisho kwamba barabara ni tupu. Na mtoto anayevuka akiwa ameziba masikio kwa simu amejifanya kiziwi kwa hiari.

Huko Marekani yapo hata magari yasiyo na dereva, yanayochukua abiria katika miji kama Phoenix na San Francisco. Hapo swali letu linakuwa gumu zaidi: kama hakuna dereva, utamtazama nani machoni? Watengenezaji wamejaribu majibu mbalimbali. Mwaka 2015 kampuni ya Mercedes-Benz ilionyesha gari la majaribio linaloweza kumulika pundamilia ya mwanga chini, mbele ya mtu anayetaka kuvuka. Mwaka 2016 kampuni ya Semcon ya Sweden ilibuni gari linaloonyesha tabasamu upande wake wa mbele. Mwaka 2018 Jaguar Land Rover ilitengeneza vigari vyenye macho makubwa yanayomgeukia mwenda kwa miguu.

Yanachekesha, lakini nyuma yake kuna kilio. Tarehe 18 Machi 2018, katika mji wa Tempe, jimbo la Arizona, gari la majaribio la kampuni ya Uber lililokuwa likijiendesha lilimgonga na kumuua mama mmoja aliyekuwa akivuka usiku akisukuma baiskeli, mahali pasipo na kivuko. Wachunguzi wa serikali walieleza kuwa vyombo vya gari vilimgundua sekunde zaidi ya 5 kabla, lakini havikumtambua kuwa ni mtu anayevuka, na mhudumu aliyekaa ndani hakuwa akiangalia barabara. Kuonekana ni jambo moja. Kutambuliwa kuwa wewe ni mtu ni jambo jingine. Hilo linawahusu pia madereva wenye macho mawili.

BARABARA NAYO ISEME

Haitoshi kumwachia kila mtu ajilinde mwenyewe. Barabara iliyojengwa vizuri humlazimisha dereva kusema lugha iliyo wazi. Jijini Dar es Salaam shirika la Amend lilikagua maeneo ya shule zenye ajali nyingi na kuweka njia za waenda kwa miguu, matuta, pundamilia na alama. Mwaka 2019 mpango huo ulishinda tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross Center. Hakukuwa na mitambo ya ajabu. Tuta lililo mbele ya pundamilia humfanya hata dereva mkaidi apunguze mwendo, na gari likipunguza mwendo mtoto analielewa. Kufuatana na Shirika la Afya Duniani, hatari ya kufa kwa mtu aliyegongwa na mbele ya gari huongezeka mara 4.5 mwendo unapopanda kutoka kilomita 50 hadi 65 kwa saa. Tuta moja lina kazi kubwa.

KWA DEREVA MWAMINI

Mwaka 2007 Baraza la Kipapa la Uchungaji wa Wahamiaji lilitoa mwongozo juu ya uchungaji wa barabarani, wenye amri kumi kwa madereva. Ya kwanza ni ile tunayoijua tangu katekisimu, ya kutoua. Nyingine zinamtaka dereva aifanye barabara kuwa mahali pa kuwaunganisha watu, na amlinde yule aliye mnyonge zaidi. Bwana wetu alipotaka kueleza jirani ni nani, alichagua mfano wa barabarani, kati ya Yerusalemu na Yeriko, na aliyesifiwa ni yule aliyesimama.

Parokia zinaweza kufanya mengi. Jumuiya ndogondogo iliyo karibu na shule ipeleke maombi ya tuta na pundamilia kwa serikali ya mtaa au kijiji, kwa maandishi, tena ifuatilie. WAWATA na wazee wapange zamu ya kuvusha watoto wa Utoto Mtakatifu baada ya mafundisho. Na Jumapili ya tatu ya Novemba, ambayo Umoja wa Mataifa tangu mwaka 2005 umeitenga kuwakumbuka waliokufa barabarani, iangukie vema katika mwezi wetu wa kuwaombea marehemu. Tuwataje majina yao, na tuwaombee pia madereva waliosababisha, wanaobeba mzigo huo moyoni.

IKITOKEA AJALI

Zuieni magari kwanza yasilete ajali ya pili. Pigeni simu 112. Msimnyanyue majeruhi ovyo wala kumketisha kwa nguvu, maana huenda ameumia uti wa mgongo. Aondolewe tu kama kuna hatari ya moto au ya kugongwa tena. Damu ikitoka kwa wingi, bonyezeni jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia. Msimpe maji wala chakula. Aliyegongwa kichwa, hata akisimama na kusema yu mzima, apelekwe hospitali.

KUMBUKA

1. Vuka penye pundamilia, na kabla ya kuvuka simama.
2. Angalia kulia, kushoto, kisha kulia tena.
3. Taa, honi na mkono si ruhusa. Ngoja tairi lisimame.
4. Gari moja likisimama, tafuta la pili na bodaboda.
5. Usipomwona dereva, naye hakuoni.
6. Usiku vaa nguo nyeupe, au shika tochi.
7. Mshike mtoto kifundo cha mkono mpaka mfike ng'ambo.
8. Dereva, punguza mwendo mapema. Hiyo ndiyo ishara ambayo hata mtoto wa chekechea anaielewa.

Jioni ya leo, kabla ya sala ya familia, mwulize mtoto wako swali hili: "Gari likikuwashia taa, maana yake nini?" Akijibu haraka kwamba maana yake ni pita, basi kesho asubuhi nenda naye mpaka kwenye kivuko, mkasimame pamoja kando ya barabara, mkatazame matairi.